Unataka kufungua banda la gemu? Soma kwanza haya ya kwangu ya Tandika

Mwaka 2018 mdogo wangu alipata kazi Mtwara akiwa bado ana deni langu la shilingi laki tatu na nusu. Fedha taslimu hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni banda la gemu lililokuwa linasuasua: mashine mbili za PlayStation 2 (PS2), TV mbili za chogo, pedi nne zilizofungwafungwa kwa solotepu, na mfuko wa CD za kuchoma. Akaniambia, "Dada, chukua hivi vyote, tumalizane." Nikachukua, maana nilijua nisipochukua sipati kitu. Wakati huo nilikuwa wakala wa fedha za simu hapa Tandika, Dar es Salaam, na nyuma ya kibanda changu kilikuwepo chumba nilichokuwa nakilipia kodi bila kukitumia. Nilitaka kuviuza vile vitu. Mnunuzi wa kwanza akanitajia elfu sitini kwa vyote, nikaona heri nivichomeke kwenye umeme nione itakuwaje.

Siku hizi kila mara anakuja kijana, au mama mwenye fedha kidogo ya kikoba, ananiuliza: "Anti, nataka kufungua banda la gemu, nianzie wapi?" Karibu wote wanauliza kuhusu mashine. Mashine ngapi, TV inchi ngapi, PS3 au PS4. Hayo nitayasema, lakini nataka mtu ajue mapema kwamba mashine ndiyo sehemu nyepesi. Mabanda mengi niliyoyaona yakifa hapa mtaani yalikuwa na mashine nzuri kuliko zangu. Yaliuawa na wazazi walioyachukia, na wazazi walikuwa na sababu.

Nianze na fedha. PS2 ilitoka Japani mwaka 2000, na utengenezaji wake ulisimama mapema 2013 baada ya kuuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Ndiyo mashine iliyouzwa kwa wingi sana, na wingi huo ndio uliomwokoa mtu wa mtaji mdogo kama mimi. Vipuri vyake vilikuwa vimejaa Kariakoo, na fundi yeyote wa redio alikuwa ameshafungua kadhaa. Zangu zote mbili zilikuwa zimechipuliwa, yaani zinasoma CD za kuchoma, ambazo wakati ule ziliuzwa kati ya 1,500 na 2,000. Nilitoza shilingi 200 kwa mechi. Jumamosi nzuri niliingiza elfu kumi na nane. Siku ya kazi, elfu tano, na kuna siku elfu mbili tu.

Kwa mwaka wa kwanza banda halikunilipa chochote mfukoni. Lilijilipa kodi ya chumba, umeme na matengenezo, basi. Uwakala ndio ulionilisha. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu kuna watu wanaacha kazi au wanauza kiwanja ili wafungue banda. Usifanye hivyo. Banda la gemu linakwenda vizuri likiwa pembeni ya biashara nyingine: genge, duka la vocha, uwakala, saluni ya kiume. Ile biashara nyingine inalipa kodi siku za mvua, na wewe unakuwepo pale siku nzima, jambo ambalo nitalirudia kwenye habari ya watoto.

Umeme watu wanauogopa kuliko inavyostahili. Kaa chini upige hesabu. Leo nina mashine nne, PS3 mbili na PS4 mbili, kila moja na TV bapa ya inchi 32. Seti moja ikiwa inachezwa inakula kama wati 200. Seti nne kwa saa kumi na mbili ni chini kidogo ya uniti kumi. Kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti, hiyo ni kama 3,500 kwa siku. Zile TV za chogo zilikuwa zinakula zaidi na zinatoa joto, na joto ndilo adui mwenyewe. Dar es Salaam mwezi wa pili, chumba cha bati, vijana kumi ndani, mashine iko chini sakafuni inavuta vumbi: haimalizi mwaka. Nilipoteza PS3 yangu ya kwanza hivyo, na niliinunua kwa laki tatu na themanini. Tangu siku hiyo mashine zangu zinakaa juu ya rafu ya nondo yenye uwazi chini, zina feni yake, na kila baada ya wiki chache fundi anazifungua na kuzipuliza. Kwenye soketi nimeweka stablaiza. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 ulinikuta nayo, na naamini ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu umeme kukatika siyo tatizo sana. Tatizo ni unavyorudi. Jirani yangu aliamua kuwasha jenereta ndogo. Petroli ilikula mapato yake yote, halafu ule umeme usiotulia ukamuunguzia mashine moja. Mgao ukija, funga, lala, okoa mafuta.

Sasa pedi. Hakuna kitu kinachokula fedha ya banda kama pedi, na hakuna anayekuambia kabla hujaanza. Pedi halisi kwa mashine nilizonazo haishuki elfu sitini. Za kunakili zinapatikana kwa elfu kumi na tano hadi ishirini na tano. Nyumbani pedi ya kunakili inaweza kukaa miaka. Bandani, kijana anapokosa penalti anaikandamiza kama vile mchezaji atamsikia, na baada ya mwezi analogi, kile kijiti cha kusukuma kwa kidole, inalegea: mchezaji anatembea mwenyewe bila kuguswa. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. "Anti, hii pedi inanipeleka kushoto!" Na anayefungwa siku zote ndiye mwenye pedi mbovu. Nilipeleka pedi kwa fundi mara nyingi hadi nikaona nijifunze mwenyewe. Ndani ya analogi kuna vipande vidogo vinavyopima kidole kimesukuma kiasi gani, na vinalika kwa kusuguana. Kinachohitajika ni bisibisi ndogo, pasi ya kulehemu, na analogi mpya ambazo ukinunua kwa jumla hazifiki hata elfu mbili kila moja. Kijana wa kutengeneza simu alinifundisha jioni mbili, nikamlipa elfu kumi. Ni elfu kumi bora kuliko zote nilizotoa katika biashara hii.

Na ubuyu. Nilikuwa sijui kwa nini vitufe vinanata na vinakuwa vyekundu. Watoto walikuwa wananunua ubuyu wa mfuko kwa mama wa jirani, wanamung'unya, wanajifuta kwenye kaptula, wanashika pedi. Ile sukari inaingia chini ya kitufe, inakauka, na kitufe hakirudi juu. Nikaweka ndoo yenye koki mlangoni, sabuni na taulo, na sheria moja: mkono mkavu na safi, au hushiki pedi. Nilidhani watanikimbia. Walizoea haraka, na mama mmoja aliyepita akaona foleni ya watoto wananawa akasimama akashangaa. Yule ndiye mzazi wa kwanza aliyenisalimia kama mwenye biashara, badala ya kunitazama kama mharibifu wa watoto.

Hapa ndipo penye jambo kubwa, na nitalikalia.

Utaratibu niliourithi kwa mdogo wangu, na ulioko karibu kila banda la mji huu, ni huu: anayefungwa analipa, mshindi anabaki. Kila mtu anauona ni wa haki. Unaleta ushindani, kelele, watazamaji. Na mwenye banda anapenda kwa sababu mechi haisimami. Mimi nikiwa nimekaa dirishani kwa wateja wa fedha, nilikuwa naona kitu ambacho aliye ndani haoni. Kijana wa miaka ishirini, hodari, anaingia saa nne asubuhi na anatoka jioni bila kutoa hata shilingi. Mtoto wa darasa la tano anakuja na mia tano, anafungwa mara mbili, imebaki mia. Anakwenda. Baada ya nusu saa anarudi na elfu moja. Mimi nilikuwa wakala, kazi yangu ni kuhesabu fedha za watu, nikajiuliza: elfu hii imetoka wapi? Siku moja nikapata jibu. Mama yake alikuja dirishani kwangu kutoa fedha, akalalamika kwamba chenji ya unga imepotea tena nyumbani. Mtoto alikuwa ndani ya banda langu, hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama mama yake.

Nilimwita nje, nikamrudishia mama elfu yake, na nikamweleza yote. Alinitukana, na nilinyamaza kwa sababu maneno yake yalikuwa na uzito. Usiku ule sikulala vizuri. Yule kijana mkubwa hakuwa mwizi. Utaratibu wenyewe ndio uliokuwa unachukua fedha za walio dhaifu kulipia starehe za walio hodari, na mimi ndiye niliyekuwa nakusanya. Aliyefungwa anataka kurudisha. Akikosa, anakopa. Akikopa, anaanza kuweka dau juu ya mechi ili arudishe kwa mpigo. Nimeona hatua zote hizo zikipandwa moja baada ya nyingine na watoto ambao sauti zao zilikuwa hazijabadilika.

Nikabadilisha. Kila mtu analipa chake, kwa muda: shilingi 500 nusu saa kwa kila kichwa, ushinde au ufungwe. Saa ya ukutani, daftari, jina na muda wa kuanza. Kuwekeana fedha ni marufuku, na nikikukamata unatoka wiki nzima. Wale hodari walikasirika, wakahamia banda la barabara ya pili, na wakaondoka na watazamaji wao. Mapato yalishuka karibu nusu na yalikaa chini kwa miezi. Nilikopa kikoba ili nilipe kodi. Kisha wakaanza kuja wale ambao hawakuwahi kuja: vijana wa kawaida wasiojua sana, baba na mwanawe siku ya Jumapili, na watoto waliotumwa na mama zao wenyewe, wakiwa na mia tano mkononi na ujumbe: "Mama amesema nusu saa tu." Wasiojua kucheza ni wengi kuliko wanaojua. Banda la mshindi anabaki linawafukuza hao wote.

Basi, kama utachukua kitu kimoja kwenye simulizi hii, chukua hicho cha malipo kwa muda.

Shule ilikuwa karibu, na mwalimu alishawahi kuja na fimbo kabla sijaanza hata kuelewa biashara. Nilikwenda mwenyewe ofisini kwake na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukakubaliana: siku za shule hakuna mwanafunzi bandani kabla ya saa kumi jioni, hakuna sare ya shule ndani, na watoto wa msingi wanatoka saa kumi na mbili. Nina daftari la namba za simu za wazazi. Mtoto mpya, nampigia mzazi wake kwanza. Wengi wanashangaa kupigiwa. China mwaka 2021 iliweka sheria kwamba aliye chini ya miaka 18 acheze gemu za mtandaoni saa moja tu, saa mbili hadi saa tatu usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, na sisemi tuwe nayo. Lakini mtaa una uwezo wa kujiwekea saa zake, na mwenye banda ndiye wa kuzisimamia. Ndiyo maana nasema uwepo mwenyewe. Ukimwachia banda kijana unayemlipa elfu tatu kwa siku, hatamtoa mteja mwenye fedha saa kumi na mbili kisa yuko darasa la sita.

Na gemu zenyewe zina umri. Kwenye kona ya kasha la CD halisi ya Ulaya kuna namba: 3, 7, 12, 16 au 18. Za Marekani zina herufi, na M maana yake ni miaka 17 kwenda juu. CD za kuchoma hazina kasha, kwa hiyo miaka yote ile nilikuwa naweka gemu za bunduki na matusi mbele ya watoto bila kujua ninaweka nini. GTA: San Andreas, ambayo kila mtoto wa Dar anaijua, Ulaya ina namba 18. Nilipojua, nikazitenga. Mashine moja ya kona iko kwa ajili ya wakubwa, TV yake imegeukia ukutani, na inawashwa usiku tu.

Mwaka 2019 alikuja bwana mmoja mwenye madubwi. Wasiojua: ni zile mashine ndogo za kamari za kutumbukiza sarafu ya mia mbili. Akasema ataweka mbili kwenye baraza yangu, matengenezo juu yake, mimi nipate sehemu ya mapato kila wiki. Akanitajia kiasi ambacho kingelipa kodi yangu yote. Nilikuwa kwenye ile miezi ya mapato kushuka, mnaelewa hali. Nilikwenda kuuliza kwanza. Banda la gemu lisilo na kamari ni biashara kama nyingine: TIN (namba ya mlipa kodi), leseni ya manispaa, serikali ya mtaa wakufahamu. Dubwi likiingia, umeingia chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na sheria yake ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa kugusa. Wateja wangu wengi ni wa umri huo. Nilikataa. Mwenye banda la barabara ya pili alikubali, na mtoto mmoja alipoiba fedha ya ada na kuitumbukiza yote mle, wazazi walikwenda kuling'oa mlango. Watu wa mtaa hawatofautishi dubwi na PS3 wakiwa na hasira. Ukiviweka chumba kimoja, umevifanya kuwa kitu kimoja.

Corona ilipoingia, shule zikafungwa katikati ya Machi 2020 na watoto wakajaa mtaani. Kulikuwa na fedha nyingi sana ya kupata miezi ile, nasema kweli. Pedi moja ingepita mikono hamsini kwa siku. Nilifunga hadi shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni. Niliuza TV moja ili nikae mjini. Ilikuwa hasara, na iliniuma kila nilipopita nikasikia kelele za banda la mwenzangu.

Baada ya hapo biashara yenyewe ilianza kubadilika kutoka huko inakotengenezwa, na hili linamhusu yeyote anayeanza leo. Gemu za mpira ndizo zinazobeba banda. Mwaka 2021 kampuni ya Konami iliacha mtindo wa kutoa gemu mpya ya mpira ya PES ya kununua kila mwaka, ikaleta eFootball ya bure inayotegemea intaneti. Mwaka 2022 EA, kampuni iliyokuwa inatengeneza gemu ya FIFA, na shirikisho la FIFA hawakuafikiana kuendelea na jina, na kuanzia Septemba 2023 ile gemu ikawa EA Sports FC. Ukienda kununua, usiombe tu "FIFA mpya", taja mwaka, maana utauziwa ya zamani kwa bei ya mpya. Huko kwao gemu inatengenezwa kwa mtu mwenye intaneti nyumbani, akaunti yake na kadi ya benki. Sisi wa mabanda tunaishi kwa CD. Kuna PS5 isiyo na sehemu ya CD kabisa. Hiyo usiiguse, hata ukiikuta kwa bei nzuri, kwa sababu kila gemu utainunua mtandaoni na hutaweza kuiuza. CD halisi ya PS4 naitumia msimu mmoja, naiuza kwa wengine, naongezea kidogo nanunua nyingine. Na kabla hujalipia mashine ya mtumba, iwashe pale pale dukani, weka CD, cheza kipindi kizima, acha ipate moto. Kinachoharibika huwa kinajionyesha ikishapata moto.

Simu ndiyo iliyonichukulia wateja wengi kuliko banda lolote. Vijana wanacheza vitandani. Sikasiriki, ila nikiwa wakala nimeona upande wake mwingine. Mama anakuja dirishani ananiambia fedha yake ya simu imeibiwa na matapeli. Tunaangalia ujumbe pamoja: elfu tano, elfu tano, elfu kumi, zote usiku, zote zimekwenda kununua almasi, yaani vitu vya kutumia ndani ya gemu. Mtoto anajua namba ya siri kwa sababu ndiye anayemsaidia mama kutuma fedha. Mwanzo kabisa, badili namba ya siri. Pili, usimpige kabla hujamwuliza, kwani wengine hawajui kabisa kwamba ile ni fedha ya kweli. Kwenye kioo ni kitufe tu. Hata Marekani, mwezi Desemba 2022, kampuni ya Epic Games yenye gemu ya Fortnite ilikubali kulipa dola milioni 520 katika kesi mbili na mamlaka ya biashara ya huko, na milioni 245 kati ya hizo zilikuwa za kuwarudishia wateja waliojikuta wamenunua kwa sababu ya vitufe vilivyopangwa vibaya na watoto kununua bila ruhusa. Kama wakubwa wa kule walinaswa, mtoto wa Tandika atakwepa vipi bila kufundishwa?

Kuna mama aliniletea mwanawe akisema amerogwa, hali chakula wala halali usingizi, anacheza tu. Shirika la Afya Duniani limeingiza hali hiyo ya kutawaliwa na gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, ile iliyoanza kutumika Januari 2022. Wanaangalia kama mtu ameshindwa kujizuia, gemu limepita kila kitu kingine maishani, na anaendelea ingawa linamdhuru, na kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu kama mwaka. Yule mtoto alikuwa ameanza mwezi ule ule baba yake alipohama nyumba. Nilimwambia mama yake hivyo, kwa upole, na nikamwomba ampeleke kwa mtaalamu wa hospitali kabla ya kumpeleka kwa mganga. Kucheza sana wakati wa likizo si ugonjwa. Lakini nami nilimzuia asiingie kwangu zaidi ya nusu saa, na nilimaanisha.

Wasichana walichelewa kuja. Walikuwa wanasimama mlangoni wanachungulia. Nikaweka Jumanne jioni kuwa yao, wavulana nje, na nikawasimulia habari za Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kama QueenArrow, aliyesajiliwa na timu ya kimataifa mwaka 2018 kwa kucheza Tekken, gemu ya mapigano, huku akisomea sheria. Jumanne ilikuwa siku yangu mbovu. Sasa inazidi Jumatano na Alhamisi.

Na kuna kijana mmoja aliyeanza kwangu akiwa mtazamaji asiye na mia mbili. Aligundua kwamba PES za zamani kwenye kompyuta zinaweza kuhaririwa: unachora jezi, unaandika majina, unaingiza timu. Akatengeneza Simba na Yanga, jezi za msimu ule hadi mdhamini kifuani. Banda lilijaa wiki nzima kwa dabi hiyo. Kazi ile ya kuchora jezi ikampeleka kwenye kiwanda kidogo cha kuchapa fulana, anakofanya kazi hadi leo, na usiku anajifunza kutengeneza gemu yake mwenyewe. Si ndoto tupu. Kampuni ya Leti Arts ilianza kutengeneza gemu Ghana na Kenya mwaka 2009. Kiro'o Games wa Kamerun walitoa gemu yao Aurion mwaka 2016. Lual Mayen, mtengeneza gemu kutoka Sudan Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alijifunza kwa kompyuta ambayo mama yake alidunduliza miaka kuinunua.

Kwa hiyo kwa anayeanza leo, hesabu yangu ni hii. Mashine mbili tu, PS3 moja na PS4 moja za mtumba, zilizojaribiwa. TV mbili bapa. Pedi sita, mbili kati ya hizo halisi. Stablaiza, feni, rafu, ndoo ya kunawia, daftari na saa ya ukutani. Weka kando fedha ya kodi ya miezi sita kabla ya kununua chochote, na laki moja ya analogi na matengenezo usiyoigusa. Kabla ya kufungua mlango, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu, uwaeleze saa zako. Nyumba tatu za jirani, piga hodi, jitambulishe, uwaachie namba yako ya simu. Na ukipata kijana kama yule wangu, programu ya Godot, ya kutengenezea gemu, na ya Blender, ya kuchorea picha za 3D, ni za bure. Kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 8 inamtosha kuanzia, na wewe ukimpa soketi moja na kona ya meza asubuhi, banda likiwa halina watu, hupotezi kitu.